Titulaire na Maji ya Pili

Titulaire alikuwa na koti moja jeupe, na koti hilo lilikuwa na sheria zake. Halitundikwi kwenye kiti. Haliguswi na mtu mwenye mafuta ya mawese mikononi. Likifuliwa linaanikwa ndani ya ofisi, kwa sababu nje kuna kuku, na kuku hawana adabu. Mke wake alilipiga pasi ya makaa kila asubuhi, na siku ambayo makaa yalilowa mvua, kituo cha afya kilichelewa kufunguliwa, maana hakuna mgonjwa aliyestahili kupokewa na koti lenye mikunjo.

Kwetu, kwenye barabara inayotoka Kasongo kwenda upande wa Kabambare, muuguzi mkuu wa kituo cha afya huitwa Titulaire. Wako wengi, kila kituo kina wake. Lakini kijijini kwetu ukisema Titulaire bila kuongeza neno, watu wanajua ni yule. Wawili wengine wamekuja baada yake, na hao tunawaita kwa majina yao ya ubatizo kama watu wa kawaida. Mimi nilifanya naye kazi miaka mingi. Nilikaa kwenye meza ndogo ya mlangoni nikiandika fishi za wagonjwa: jina, umri, kijiji, anaumwa nini. Niliandika pia karatasi ndogo zinazobandikwa kwenye chupa za dawa. Hilo nalitaja mapema kwa sababu nimo ndani ya habari hii, na sitaki mtu aseme nilijificha nyuma ya meza.

Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Ukimwuliza alijibu kwamba alisoma, na hapo mazungumzo yalikwisha.

Neno lake kubwa lilikuwa chupa. Dawa ya maji, ile tunayoiita siro, haibebwi kwenye kiganja, kwa hiyo kila mgonjwa alipaswa kuja na chupa yake, imeoshwa na ina kizibo. Katika vituo vyetu hilo ni jambo la kawaida. Kwa Titulaire lilikuwa dini. Mama anaweza kuwa ametembea tangu alfajiri, mtoto mgongoni, kifua cha mtoto kinapiga filimbi, na swali la kwanza ni lile lile.

"Mama, chupa iko wapi?"

"Nilisahau, Titulaire. Mutoto alikohoa mpaka asubuhi, nilitoka mbio."

"Mu hiyo mbio mutoto ulimukumbuka, chupa ukaisahau. Rudia utafute chupa. Bila chupa hakuna dawa."

Na mama alirudi. Mzee mmoja aliyeishi jirani na kituo alipata heshima kubwa kijijini kwa sababu tu alikuwa na chupa tatu za kuazimisha. Alisalimiwa kabla ya chifu.

Mgonjwa akithubutu kuuliza ugonjwa wake unaitwaje, Titulaire alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akasema polepole, "Kazi yangu mimi ni kujua. Kazi yako wewe ni kukohoa." Watu walitoka pale wameridhika. Nilishangaa mwanzoni, baadaye nikazoea. Tulikuwa tunapenda kudharauliwa na mtu aliyesoma. Tuliona ni sehemu ya matibabu.

Basi, huyo ndiye aliyekuja kugongana na kasungwe.

Kasungwe ni kichaka cha mashamba yaliyopumzishwa. Kinafika kiunoni, kina maua madogo ya manjano, na jani lake ni kijani juu, ila chini lina kijivu kisichofutika. Ukilisugua linatoa harufu ya kuni mbichi zinazokataa kuwaka. Mama yangu, ambaye hakuketi darasani hata siku moja, alikijua kichaka hicho sehemu zake zote. Kijiti kilikuwa mswaki. Jani bichi lililopondwa liliwekwa kwenye kidonda kilichoachwa na funza. Majivu yake alipakwa kuku mwenye utitiri. Moshi wake ulifukuza wadudu kwenye mahindi yaliyotundikwa juu ya meko, na matawi yaliyokauka yalifungwa yakawa ufagio, kwa sababu mama yangu hatupi kitu.

Kwa kifua, jani lilichemshwa mara mbili. Maji ya kwanza yanamwagwa mbali na nyumba, hata mbuzi hapewi. Yanawekwa maji mengine juu ya majani yale yale, yanachemka mpaka yawe na rangi ya chai, na hayo maji ya pili ndiyo yanayonywewa. Wakati wa kuchuma alitangulia jua, na hakumaliza kichaka. Aliacha matawi matatu, akakiambia neno la Kibangubangu ambalo ukiligeuza Kiswahili ni kama kumwambia mtu, tutaonana. Sisemi kasungwe ni muujiza. Kifua kingine huondoka chenyewe ukikaa kimya. Lakini mimi na ndugu zangu tulikunywa maji hayo utoto wetu wote, na sote tuko hai, na hatukohoi.

Siku moja mama alifika kituoni na fungu la majani kwa ajili ya mtoto wa jirani aliyelazwa. Benchi lilikuwa limejaa. Mimi nilikuwa mezani kwangu. Titulaire alimpokonya fungu lile, akaliweka chini uani mbele ya watu wote, akaita mbuzi aliyekuwa akizurura pale.

"Majani iko chakula ya mbuzi," alitangaza. "Tuone."

Mbuzi alikuja, akanusa, akapiga chafya, akaondoka zake. Kasungwe ni chungu, mbuzi hali. Mtu mwingine angeaibika hapo. Titulaire alinyoosha kidole.

"Munaona? Hata mbuzi amekataa."

Benchi zima lilicheka. Mama aliokota majani yake moja moja, akayafunga tena kwenye kitenge, akaondoka bila kunitazama. Nilikuwa na kalamu mkononi na sikusema neno. Nilijiambia nina kazi, na kazi kwetu haipatikani hovyo. Kuanzia siku ile, kisimani na shambani, wanawake walimwita Mama Mbuzi. Jina lake ni Mama Feza, kwa sababu mimi ndiye Feza, mtoto wake wa kwanza. Wale waliokuwa wakija kwake na watoto wao waliacha kuja. Aliumia sana, na alipoumia alifagia. Ua wetu haukuwahi kuwa safi kama mwaka ule.

Kisha dawa zilikwisha. Kwetu dawa hukwisha mvua zinapokata barabara, na mwaka ule mvua zilikata kila kitu. Rafu ya Titulaire ilibaki na bandeji na kalenda ya zamani. Watoto walikohoa. Watu walikuja na chupa zao, safi kabisa, na hapakuwa na cha kutia ndani yake. Nilimwona mtu yule akizunguka ofisini siku tatu akipanga upya rafu tupu.

Siku ya nne alikuja kwetu kwa baiskeli, akapitia nyuma, upande wa jiko. Hakuwa amevaa koti. Nadhani kwa hesabu yake, kama koti halikuja, basi Titulaire naye hakuja.

"Mama Feza," alisema, "ile majani yako, niko naihitaji kidogo. Kwa uchunguzi."

Mama alimtazama sana. Halafu alichukua beseni akaenda kuchuma. Aliporudi alianza kumweleza, "Sasa, Titulaire, maji yake..." Titulaire aliinua mkono.

"Mama, kuchemusha najua. Kuchemusha nilisoma."

Kesho yake aliwagawia wagonjwa maji ya kwanza. Sitaeleza yote niliyoyaona uani. Watu walioinama kando ya ukuta walikuwa wengi kuliko waliosimama, na mzee wa chupa alishikwa na wawili asianguke. Mimi nilifikiri ndiyo mwisho wa Titulaire. Yeye alitoka na koti lake, akafunga mikono nyuma, akawapita mmoja mmoja kama mtu anayekagua shamba lililoota vizuri.

"Ni vizuri," alisema. "Ni ugonjwa ndiyo iko natoka."

Na wakaamini. Wiki ile walikuja watu kutoka vijiji ambavyo havikuwahi kutuletea mgonjwa, kutafuta dawa yenye nguvu ya kutapisha. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama. Alifunga macho, akaomba Mungu amsamehe yule mtu, kisha akanipa maneno ya kupeleka: maji ya kwanza yanamwagwa, yanayonywewa ni ya pili. Nilimpelekea Titulaire kwa sauti ya chini mlango ukiwa umefungwa. Alisikiliza akitazama dirishani, akasema hilo naye alikuwa ameshaanza kulifikiria.

Ndivyo ilivyozaliwa Siro Namba Mbili. Jina lilikuwa lake na mwandiko ulikuwa wangu. Karatasi nyeupe, wino wa bluu: Siro Na. 2, kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Niliandika nyingi mpaka vidole vikawa vinaandika peke yake. Watu wale wale waliocheka siku ya mbuzi walipokea chupa kwa mikono miwili, wakasifu utamu wake. Si tamu hata kidogo. Mmoja alisimulia kwamba dawa ile imetoka Ulaya, na alijua hivyo kwa sababu ya kizibo, ambacho mwenyewe alikuwa amekileta kutoka kwake.

Mama aliendelea kuchuma. Nilimwuliza kwa nini, maana mimi hasira zilikuwa zimenijaa.

"Kwa mukono yake banakunywa, kwa mukono yangu banakataa," alisema. "Basi bakunywe. Batoto hawana kosa." Akaendelea kuchambua majani. "Lakini siku moja atasema. Aliniaibisha mbele ya batu, na atasema mbele ya batu. Sihitaji kingine."

Hilo ndilo alilongoja mama yangu, si zaidi: neno moja, mbele ya benchi, limrudishie jina lake.

Titulaire alikuwa na kipaji cha kusema kweli kwa namna ambayo kweli yenyewe isingejitambua. Alikuja msimamizi kutoka Kasongo kwa pikipiki, amejaa vumbi, anakohoa, kukagua rafu. Akashika chupa.

"Hii Siro Namba Mbili ni nini? Haiko kwenye orodha yangu."

"Ni ile ilifuata Namba Moja."

"Na Namba Moja iko wapi?"

"Tuliisimamisha. Ilileta matatizo kwa wagonjwa."

Msimamizi alitikisa kichwa kwa huzuni, kwa kuwa alizoea vitu vinavyosimamishwa, akaandika kwenye daftari lake kwamba ipo. Halafu akaomba kidogo ya njiani kwa ajili ya kifua chake. Titulaire alimwuliza chupa iko wapi. Ilibidi mkubwa yule anywe maji yake yote ya safari akiwa amesimama, matumbo yakamvimba, ndipo chupa ikapatikana. Kwa jambo la chupa Titulaire hakuwa na upendeleo.

Nyumbani kwake, mke wake aliniambia siri ambayo kijiji kizima kiliijua: mumewe hakuwahi kununua mswaki. Asubuhi moja nilimkuta mwenyewe nyuma ya choo cha kituo na kijiti cha kasungwe mdomoni, povu la kijivu kwenye ndevu. Tulitazamana.

"Niko naichunguza," alisema.

Uchunguzi ule ulikuwa umedumu tangu utoto wake, na meno yake yote yalikuwa kinywani.

Nimemcheka sana, basi niseme na haya, kwa sababu nikiyaacha nitakuwa mwongo kuliko yeye. Kulipokuwa na milio ya risasi upande wa Kabambare na wafanyakazi wote, mimi nikiwemo, tulikimbilia Kasongo, Titulaire alibaki. Tuliporudi tulimkuta ameketi kwenye ngazi za kituo na koti lake, na ndani wamelala watu ambao bila yeye wangekuwa makaburini. Na kulikuwa na mama mmoja aliyeshindwa kujifungua siku ya mvua, pikipiki zote zimekwama. Titulaire alimkalisha nyuma ya baiskeli, mume akamshika kiunoni, yeye akasukuma kwenye matope mpaka hospitali ya Kasongo. Koti liligeuka rangi ya barabara. Hakulitaja mpaka aliposikia mtoto analia, ndipo akauliza sabuni iko wapi. Ile Siro hakuiuza hata kijiko kimoja, aliitoa bure. Mtu huyu hakuwa mwizi wa mali. Alichochukua ni jina la mama yangu, na sidhani kama aliona kwamba ni kitu kinachoweza kuchukuliwa.

Simchukii. Nilimkasirikia miaka mingi huku nikimwandikia karatasi zake, na hasira ya namna hiyo inamchosha mwenye nayo.

Uongo wake mmoja tu ndio ulioleta hasara ya kweli, na aliutoa kwa haraka, bila nia mbaya. Mama mmoja kwenye benchi, mwenye pua kali, alifungua chupa yake, akanusa.

"Titulaire, mbona hii iko nanukia kasungwe?"

Nilinyanyua macho kwenye fishi. Nikafikiri, sasa atasema, mlango umefunguliwa mwenyewe. Aliyeuliza alikuwa ndiye yule aliyeanzisha jina la Mama Mbuzi. Mahali hapakuweza kuwa pazuri zaidi.

"Kasungwe?" alisema Titulaire, akavua miwani. "Jani ya kasungwe haina kitu. Kama ule muti iko na nguvu, iko mu mizizi. Na mizizi iko kazi ya wataalamu, si ya bamama."

Alifurahi sana na jibu lile. Aliona amefunga mlango na kutia ufunguo mfukoni. Alisahau kwamba pale nje huwa kuna vijana wa pikipiki wanaongoja abiria, na kwamba kwetu neno likitoka chini ya koti jeupe, linatembea haraka kuliko pikipiki yenyewe. Ndani ya siku chache watu walikuwa mashambani na majembe. Mizizi ilifungwa mafungu, ikapakiwa, ikapelekwa mpaka Salamabila kwenye machimbo. Huko wachimbaji waliifunga kwenye mipini ya koleo ili dhahabu isikimbie, wengine wakaichemsha wakaoga. Hakuna aliyepona kitu wala aliyepata dhahabu kwa ajili yake, lakini kila aliyekosa alisema alipewa mizizi myembamba, akaagiza minene.

Kiangazi kilipofika, mashamba yaliyopumzishwa yalikuwa mashimo matupu. Mama alitoka alfajiri na beseni, akarudi mchana na beseni tupu. Aliketi kizingitini.

"Feza, bameyamaliza," alisema. "Hata moja hawakuacha."

Sijawahi kumwona analia kwa ajili ya aibu yake. Siku ile alilia kwa ajili ya kichaka. Kilibaki kimoja tu, kile alichokipanda mwenyewe kwa kitawi, nyuma ya bafu letu, kikinywa maji ya kuogea. Na kimoja hakitoshi kijiji. Titulaire alitangaza kwamba Siro Namba Mbili imesimamishwa. Watu walitikisa kichwa kwa huzuni.

Siku alipostaafu ilifanyika karamu. Nilimnunulia mama kitenge kipya, na nilikuwa nimemwambia Titulaire wiki ile, kwa ujasiri niliokuwa nimeukusanya miaka yote, kwamba kuna mtu mmoja anayengoja kushukuriwa. Alisema, "Najua." Mama aliketi mstari wa tatu, mgongo umenyooka. Titulaire alisimama akashukuru serikali. Akashukuru wahisani, chifu, parokia, msikiti, na waliochimba kisima. Akashukuru baiskeli yake. Kisha akamtazama mama yangu. Nilimwona wazi. Alikohoa kusafisha koo, akashika kifungo cha koti, mdomo ukafunguka. Akashukuru chupa, na watu wakapiga makofi wakacheka, na ikawa ndiyo mwisho wa hotuba. Mama aliondoka kabla ya wali.

Miaka ikapita. Mvua za mwaka jana zilipoanza kupungua, alasiri moja, tulikuwa uani tukibangua karanga: mama, mimi, na wanawake watatu wa jirani, mmoja wao yule mwenye pua kali. Mama sasa anaona vizuri vya mbali kuliko vya karibu, kwa hiyo ndiye aliyemwona kwanza.

"Yule anayekuja iko na koti," alisema.

Alikuja kwa miguu na fimbo. Koti lilikuwa lile lile, kola imekuwa ya manjano, lakini limepigwa pasi. Safari hii hakupitia nyuma, kwa sababu nyuma tumejenga ua. Alikohoa tangu barabarani mpaka kwenye mkeka wetu.

"Nilikuwa napita tu, Mama Feza."

"Karibu, Titulaire. Unapita kwenda wapi? Njia inaishia hapa."

Aliegemea fimbo. Alitusimulia kwamba amefika hospitali kubwa, wamempima, mapafu ni mazima, vidonge amevimaliza. Daktari, kijana mdogo, amemwambia kikohozi kitaondoka chenyewe taratibu.

"Ile maneno niliwaambia batu wengi," alisema. "Sikujua iko namna hii kuisikia."

Hakuna aliyecheka. Alitazama upande wa bafu, ambako vichwa vya manjano vya kasungwe vilichungulia kati ya miti ya ua.

"Nasikia ule muti wako ungalipo. Nilikuwa naomba kidogo. Kwa..." Kikohozi kikamkata kabla hajasema uchunguzi.

Mama aliweka karanga zake chini. Alimtazama kuanzia fimbo mpaka kola.

"Titulaire," alisema, "chupa iko wapi?"

Mikono yote ilisimama. Titulaire alitazama mikono yake mwenyewe, mtupu mmoja na mwingine una fimbo. Alinitazama mimi. Nilitazama karanga. Kisha aligeuka, akaanza kurudi alikotoka, polepole, koti likipigwa na upepo. Nilimwonea huruma mpaka nikataka kumkimbilia na chupa yetu yoyote. Mama alinishika kitenge.

"Acha. Mutu mukubwa anaweza kufuata chupa."

Hakuwa amemkataa. Alipotoweka kwenye kona, mama aliinuka akaenda nyuma ya bafu. Nilimsikia akikiambia kichaka neno lake. Alirudi na majani machache, akachemsha, akayamwaga maji ya kwanza mbali na nyumba, akatia mengine. Titulaire alipotokea tena, amechoka, jasho limemtoka, maji ya pili yalikuwa yameshapata rangi ya chai.

Chupa aliyoileta ilikuwa ya kahawia, imeoshwa, ina kizibo. Ubavuni ilikuwa na karatasi ya zamani, nusu imechanika, wino wa bluu umefifia. Mama hajui kusoma, lakini mwandiko ule aliuona kwenye nyumba za watu miaka mingi na aliujua kama anavyojua kitenge cha jirani. Aliichukua chupa, akaikwangua karatasi kwa kisu mpaka kioo kikabaki kitupu.

"Hapa bado hapajaandikwa," alisema. "Muandike."

Nilileta karatasi na kalamu. Titulaire alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mkeka. Aliniambia kwa sauti yake ya zamani, sauti ya mlangoni, "Feza, andika. Siro..."

Kalamu ilikaa kwenye karatasi na sikuisogeza. Ningependa kusema ni ujasiri. Nilikuwa nimeandika neno lile mara nyingi mno, mama yangu akiwa hai na akijua, na mkono umechoka nalo. Titulaire alingoja. Wanawake walingoja. Mama alikuwa anakoroga sufuria na hakutazama mtu.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. Safari hii ilichukua muda mrefu.

"Andika hivi," alisema. "Maji ya pili ya kasungwe. Ya Mama Feza." Akavaa miwani. "Ongeza: tangu mwanzo ilikuwa yake."

Nikaandika polepole, kwa sababu nilikuwa nalipa na deni langu humo humo. Nilipomaliza mama alisema, "Asome yeye. Kwa sauti."

Akasoma. Alisoma yote, mpaka kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, na aliposoma jina la mama alikohoa, akarudia kulisoma upya kwa sababu kikohozi kilikuwa kimelifunika. Mama alichuja maji, akajaza chupa, akafunga kizibo, akampa kwa mikono miwili. Aliipokea kwa miwili. Aliaga, akaenda zake, na tulimsikia akikohoa mpaka barabarani.

Tulirudi kwenye karanga. Halafu yule mwenye pua kali akajikuna shingo.

"Mama Feza," alisema, jina ambalo hakulitumia tangu siku ya mbuzi, "siwezi kupata katawi kamoja, nikapande kwangu?"

Mama alipepeta maganda kwenye ungo kwanza, yakaruka.

"Kuya kesho asubuhi, mbele ya jua kutoka," alisema. "Na jembe uliache kwako."